Tupige Hodi Paani

Msikilizaji, kama umekaa barazani Buyenzi na kikombe cha chai, kama uko kwenye basi la Kinama umebanwa kati ya magunia, au kama redio yako iko juu ya kaunta ya duka pale Bwiza, karibu tuzungumze.

Kitendawili! Nimekusikia: tega. Popo mbili zavuka mto.

Wazee wanajua jibu. Watoto nawapa nafasi kidogo wafikiri. Jibu ni macho. Macho huvuka mto bila mtumbwi na bila kulowa, yakafika ng'ambo na kurudi. Nakipenda kitendawili hiki kwa sababu aliyekitunga lazima alikuwa mtu wa kukaa nje jioni akaangalia juu. Leo nataka tukae naye. Tuzungumze juu ya popo, na juu ya nyumba tunazobomoa na kujenga kila siku katika mji huu wetu wa Bujumbura.

Nianze na kisa cha nyumbani. Mjomba wangu alikuwa na nyumba Buyenzi, nyumba ya zamani, mabati yake yameliwa na kutu hadi mvua ikinyesha sufuria zote za jikoni zinahamia sebuleni. Siku moja akapata fedha. Akamwita fundi aje kubadilisha paa. Fundi akafika asubuhi, akapanda ngazi, akaweka sikio kwenye bati, akashuka taratibu.

"Mzee," akasema, "huku juu kuna watu."

"Watu gani?"

"Wapangaji wako wa siku nyingi. Popo."

Mjomba akacheka. "Wapangaji wasiolipa kodi! Watoke leo hii."

Fundi akashauri wasubiri kidogo, waangalie kwanza wako wangapi na wanatokea wapi. Mjomba hakutaka kusikia. Mabati mapya yalikuwa bado hayajafika kutoka dukani, naye hakutaka siku ipite bure. Akaagiza mianya yote ya ukuta na paa izibwe kwa saruji saa ile ile, saa sita mchana. Sasa, msikilizaji, jiulize popo yuko wapi saa sita mchana. Yuko ndani, amelala.

Siku ya pili popo wakaanza kushuka vyumbani kupitia tundu la waya wa taa. Watoto wanapiga kelele, shangazi ana ufagio, mjomba ana kandambili. Siku ya tatu harufu ikaanza. Siku ya tano doa la rangi ya chai likatokea kwenye dari, juu kabisa ya kitanda cha wageni. Mwishowe dari lote likang'olewa, na fundi akalipwa mara mbili kwa kazi moja.

Nilikuwepo dari liliposhushwa. Walikuwa wamejaa kwenye kona moja, majike waliokufa na vitoto vimewang'ang'ania kifuani. Nikakiokota kimoja kwa kipande cha gazeti. Kilikuwa na ukubwa wa pingili ya kidole gumba, hakijaota hata unyoya, ngozi yake nyembamba kama ganda la kitunguu. Mjomba, ambaye siku tano zote alikuwa anafoka, akanyamaza. Akaomba jembe, akachimba shimo nyuma ya choo, akawazika. Alipomaliza akajifuta jasho, akasema maneno ambayo ndiyo yamenileta mbele ya kipaza sauti leo: "Nilitakiwa kupiga hodi."

Tuyachukue maneno hayo ya mjomba, twende nayo mbali kidogo.

Huko Uingereza, kisa kama chake kingeweza kuishia mahakamani. Sheria yao ya wanyamapori ya mwaka 1981 inawalinda popo wa kila aina, na nchi nzima ina aina 18 tu. Kuharibu mahali popo wanapolala ni kosa hata kama siku hiyo hawapo, kwa kuwa popo ana tabia ya kurudi kwake. Adhabu ni faini isiyo na kikomo au kifungo kinachoweza kufika miezi sita. Kwa hiyo mtu akitaka kubomoa banda la zamani au kupandisha ghorofa, na pakawa na dalili za popo, halmashauri humwambia: kabla hatujakupa kibali, lete ripoti ya uchunguzi wa popo.

Uchunguzi huo ukoje? Mtaalamu anafika mchana na ngazi na tochi. Anaangalia chini ya mianya kama kuna mavi. Hapa naomba radhi kwa walio mezani, lakini ndiko elimu iliko. Mavi ya popo wa wadudu yanafanana na ya panya kwa umbo. Yakikauka, yabonyeze kwa kipande cha karatasi. Ya panya ni magumu. Ya popo yanavunjika yakawa unga, na ukiumulika unga huo kwa tochi unameta, maana ni mabawa ya wadudu yaliyosagwa. Mtaalamu anaangalia pia ukuta ulioingia weusi wa mafuta pale popo wanapojipenyeza kila jioni, na mabawa ya nondo yaliyodondoka sakafuni.

Baada ya hapo anapima: je, jengo hili linawafaa popo kidogo, wastani, au sana? Likiwafaa kidogo, watu watakuja kukaa nje jioni moja. Likiwafaa wastani, jioni mbili. Likiwafaa sana, jioni tatu. Wanakaa na viti vyao kila upande wa nyumba kuanzia jua linapozama, wanahesabu nani anatoka na anatokea tundu gani.

Jioni tatu, msikilizaji! Sisi tuliofundishwa madrasa na nyumbani kwamba hodi hupigwa mara tatu hatuna haja ya kutafsiriwa. Tofauti ni moja tu. Kwa binadamu, ukibisha mara tatu usijibiwe, unarudi ulikotoka. Kwa popo, ukibisha mara tatu usijibiwe, ndipo unaingia.

Wataalamu hao wana pia kifaa cha kusikilizia. Popo wa wadudu huona njia kwa sauti: anapiga ukelele, mwangwi unamrudia, anajua mbu yuko wapi na ukuta uko wapi. Ukelele huo ni wa juu mno kwa masikio yetu, ambayo mwisho wake ni karibu kilohezi 20. Kifaa kinaushusha mpaka tukausikia, tak, tak, tak, kama mtu anayegonga kijiko kwenye kikombe. Kuna popo mdogo wa majumbani ambaye Waingereza walidhani wanamjua vizuri sana. Miaka ya tisini wataalamu wakagundua kwamba wengine wanaita kwenye kilohezi 45 na wengine kwenye 55. Walikuwa aina mbili zinazofanana kama mapacha. Mwenye nyumba ameishi na majirani wawili karne nzima akidhani ni mmoja.

Najua kuna msikilizaji anayeguna huko. Anasema: hao wana fedha za kuchezea. Ana hoja. Katika reli yao mpya ya mwendo kasi, iitwayo HS2, walilazimika kujenga kibanda kirefu cha karibu kilomita moja juu ya reli, pembeni ya msitu wa Sheephouse katika jimbo la Buckinghamshire, ili treni zisiwagonge popo. Mwishoni mwa mwaka 2024 mwenyekiti wa mradi alisema hadharani kwamba kibanda hicho kinagharimu zaidi ya pauni milioni 100. Waingereza wenyewe waligombana juu yake magazetini, na bado wanagombana.

Mimi sikuja kuomba kibanda cha pauni milioni 100 juu ya barabara ya Rumonge. Nataka tuchukue kutoka kwao kitu ambacho hakina bei: kiti, jioni, na swali linaloulizwa kabla ya nyundo. Fundi wa mjomba hakuwa na shahada, wala hakuwa na kifaa cha kilohezi. Alikuwa na sikio, akaliweka kwenye bati. Uchunguzi wa popo ulianza pale pale Buyenzi. Kilichokosekana ni mtu wa kuusikiliza.

Sasa tuulize: popo wetu ni akina nani?

Tuna koo mbili kubwa. Kuna popo wa matunda, mwenye macho makubwa na uso kama wa kijibwa, ambaye unamsikia usiku kwenye mwembe akigombana na wenzake. Na kuna popo wa wadudu, mdogo, mwenye masikio makubwa kuliko adabu yake. Wale wa mjomba walikuwa wa wadudu, wa ule ukoo ambao mkia wake umechomoza nje ya utando kama mkia wa panya. Ukoo huo unapenda mabati kuliko sisi tunavyoyapenda. Chini ya bati la mchana joto hupita nyuzi 40, mahali ambapo wewe na mimi tungezimia, naye amelala hapo na mtoto wake.

Tena anazaa kidogo. Kwa kawaida popo jike huzaa mtoto mmoja kwa mara moja, na popo wa wadudu wa ukanda wetu huzaa zaidi wakati wa mvua, wadudu wanapokuwa wengi. Panya ukimfukuza, baada ya miezi michache amejaza pengo. Popo hana mbio hizo. Kona moja ya dari ikizibwa kwa saruji siku mbaya, kazi ya miaka imekwisha.

Ni kweli pia kwamba hatuwajui wote. Jirani zetu Rwanda, katika msitu wa Nyungwe, kulikuwa na popo mmoja wa pua kama kiatu cha farasi ambaye hakuonekana tangu mwaka 1981. Wengi walihofia ametoweka duniani. Mwaka 2019 watafiti na walinzi wa msitu wakakesha milimani, wakatega nyavu, wakamkuta. Baada ya miaka 38! Na msitu wa Nyungwe ukivuka mpaka kuja kwetu unaitwa Kibira. Ni msitu mmoja wenye majina mawili.

Sasa nije kwenye jambo ambalo najua linakukaa kooni. Unasema: Bwana mtangazaji, popo wana maradhi. Ndiyo. Sitakuficha. Mwaka 2023 ugonjwa wa Marburg ulizuka Kagera, Tanzania, hapo jirani. Septemba 2024 ukazuka Rwanda, ukawapiga wahudumu wa hospitali, na chanzo chake kikafuatiliwa hadi kwenye pango la uchimbaji madini lenye popo wa matunda. Hofu yako ina msingi. Lakini hofu hiyo hiyo ndiyo sababu ya kutaka uchunguzi, na nitakueleza kwa nini.

Mwaka 2007 wachimbaji wa mgodi wa Kitaka, magharibi mwa Uganda, waliugua Marburg. Mgodi ulikuwa na popo zaidi ya laki moja, wale wa matunda wanaokaa mapangoni. Watu wakaamua: tuwamalize. Wakafungia njia, wakawaua karibu wote. Miaka michache ikapita. Mwaka 2012 Marburg ikazuka tena, safari hii mji wa Ibanda, jirani na mgodi. Watafiti wakarudi pangoni wakakuta popo wengine wamehamia. Wakawapima. Kabla ya mauaji yale, katika kila popo mia, watano hivi walikuwa na virusi. Sasa walikuwa 13. Nyumba iliyofagiwa kwa hasira ilipata wageni wapya, huenda wengi wao vijana wasio na kinga, na ugonjwa ukapata kuni za kuwaka.

Kwa hiyo swali la maana ni hili: popo gani, na yuko wapi? Popo wa Kitaka ni wa mapangoni. Wa paa la mjomba ni mwingine kabisa. Katika popo wa mapaani wa ukoo huo wa mkia, mwaka 2018 iligunduliwa aina mpya ya kirusi cha jamii ya Ebola kule Sierra Leone, kikaitwa Bombali, kisha kikaonekana Taita, Kenya. Hakuna mtu anayejulikana kuugua kwa kirusi hicho, lakini tahadhari ni haki. Usimshike popo kwa mkono mtupu, akiwa hai au amekufa. Kipande changu cha gazeti siku ile hakikutosha, leo ningevaa glavu. Usile tunda lenye alama za meno. Ukisafisha dari, funika pua na mdomo, na yamwagie mavi maji kwanza ili vumbi lisiruke. Na zaidi ya yote, usiwasukume kwa saruji mpaka washuke kitandani mwa watoto. Mjomba alikaa nao miaka wakiwa juu ya dari bila kuonana. Walionana siku alipowazibia.

Tutoke kwenye paa twende kwenye mji mzima. Kampala kuna mahali panaitwa Bat Valley, Bonde la Popo, kando ya barabara ya Bombo. Zamani kwenye miti yake walining'inia popo wa matunda wa rangi ya majani makavu, laki mbili na nusu kwa makadirio. Katika miaka ya sitini mwanasayansi Felix Mutere aliwachunguza popo hao, akaionyesha dunia jambo la ajabu: jike akishapandwa, mimba yake husubiri miezi kadhaa kabla ya kuanza kukua, ili mtoto azaliwe wakati chakula kipo. Elimu hiyo ilipatikana juu ya vichwa vya watu waliokuwa wakienda sokoni.

Leo nenda ukaulizie Bat Valley. Utaonyeshwa shule, utaonyeshwa ukumbi. Jina lipo. Miti ilikatwa, popo wakatawanyika sehemu nyingine za mji, na kufikia mwaka 2007 idadi yao Kampala ilikadiriwa kuwa elfu 40. Popo hao hao ndio wanaomeza matunda ya mvule na kwenda kumwaga mbegu mbali, kilomita nyingi kutoka mti mama. Ukikaa kwenye kiti cha mvule, jua kwamba huenda kilianza safari tumboni mwa popo. Sikuambiwa kama kuna mtu aliyeulizwa kabla ya shoka kuingia bondeni.

Kisiwani Pemba mambo yalikwenda kinyume. Pemba wana popo wao, mkubwa, wa rangi ya kutu kichwani, asiyepatikana penginepo duniani. Misitu ilifyekwa kupisha mikarafuu na mashamba, bunduki zikaingia kwa ajili ya kitoweo, na mwishoni mwa miaka ya themanini watafiti waliohesabu walirudi na idadi ya kutisha kwa udogo. Lakini pakabaki maficho. Yalikuwa wapi? Mengi yalikuwa makaburini na kwenye misitu ya mizimu, mahali ambapo mila inamkataza mtu kukata mti. Hapakuwa na ofisi ya mipango wala ripoti yenye mihuri. Palikuwa na wazee wanaosema: hapa hauguswi mti, hapagongwi shoka. Miaka ya tisini vijiji vikaunda vikundi vya kulinda malalo, kama kile cha Kidike, wageni wakaanza kulipa kiingilio kuwaona. Miaka kumi na kitu baadaye walihesabiwa kuwa karibu elfu 20.

Naipenda Pemba kwa sababu inatuondolea kisingizio kwamba mambo haya ni ya Wazungu. Kuuliza kabla ya kugusa ni mila yetu. Tumeizika tu chini ya saruji.

Na faida? Sitakudanganya kwamba popo ni dawa ya malaria. Wanakula mbu, lakini chandarua chako kishushe usiku huu kama kawaida. Faida iliyo wazi zaidi iko shambani. Katika delta ya mto Ebro, Hispania, popo waliwekewa masanduku ya mbao kwenye mashamba ya mpunga. Popo wakahamia, wakala nondo ambaye funza wake hutoboa shina la mpunga, na nondo huyo akapungua sana. Sasa toka hapa mjini, shika njia ya Gihanga, angalia mpunga wa uwanda wa Imbo ulivyotandazwa mpaka mto Rusizi. Funza wa mashina tunao. Popo tunao pia, wanalala mjini mchana na usiku wanakwenda kazini. Kila tunapowaziba Buyenzi, huenda tunamfukuzia mkulima wa Gihanga vibarua wake.

Basi tufanyeje?

Tuanze na sheria. Burundi ina agizo la tarehe 7 Oktoba 2010 linalotaka miradi mikubwa ifanyiwe uchunguzi wa athari kwa mazingira kabla ya kuruhusiwa. Ofisi ya mazingira, OBPE, ipo. Ofisi ya mipango miji na ujenzi, OBUHA, ipo. Mlango umeshachongwa, kilichobaki ni kubisha. Kwa mradi mkubwa, wa hoteli, ghala au barabara inayokata miti mikubwa, popo waingie kwenye orodha ya maswali. Jioni tatu za watu wenye viti haziwezi kuchelewesha hoteli.

Kama unaona natia chumvi, tazama ziwa. Mwaka 2012 sheria ya maji ilisema mita 150 kutoka ufuko wa Tanganyika zisijengwe. Watu wakajenga. Kibenga, Kajaga, mpaka Gatumba, tuliona ukuta mzuri na lango la chuma likitazama maji. Kisha ziwa likapanda, Rusizi ikafurika Gatumba mwaka 2020, na miaka iliyofuata tukaona samaki wakiingia sebuleni mwa watu. Watu wakasema: ziwa limetuvamia. Mimi nasema ziwa lilikuwa kwake. Sisi ndio tulioingia bila hodi. Anayejifunza kumwuliza popo mdogo wa paani, siku akinunua kiwanja atajifunza kuliuliza ziwa, ataliuliza na korongo la Ntahangwa linalokula ukingo wake kila masika.

Na wewe mwenye nyumba ndogo, usiyehitaji ripoti ya mtu? Kazi yako ni nyepesi. Kabla fundi hajafungua paa, kaa nje na watoto saa kumi na mbili jioni, jua linapozama nyuma ya milima ya Kongo. Mmoja aangalie upande huu, mwingine upande ule. Hesabuni wanaotoka, na mtie alama tundu wanalotokea. Fanya hivyo jioni tatu. Wakiwa wengi na ni msimu wa mvua, wakati wao wa kuzaa, subiri. Kiangazi kikifika, vitoto vikiwa vimejua kuruka, tundika kipande cha wavu au kitambaa juu ya tundu, ukiache huru chini. Popo atatoka kwa kuteleza chini yake, lakini akirudi hatajua pa kuingilia. Baada ya siku kadhaa angalia tena, ukiona hakuna anayetoka, ziba. Saruji yako itakaa, dari lako halitanuka, na fundi utamlipa mara moja.

Ukiweza, muwekee kisanduku cha mbao ukutani nje, juu, pasipofikiwa na paka. Hiyo ni hisani, si deni.

Mjomba alifariki miaka miwili iliyopita. Nyumba ya Buyenzi sasa ina mabati ya kijani. Mwaka jana binamu yangu alitaka kuongeza chumba nyuma, karibu na pale palipozikwa wale popo. Fundi mpya alipofika na nyundo, mtoto wa miaka minane akamzuia mlangoni. Akamwambia asubiri. Kisha akatoa kiti cha plastiki nje, akakiweka kuelekea paani, akakaa. Fundi akauliza anafanya nini.

"Napiga hodi," akasema mtoto.

Msikilizaji, muda wangu umekwisha na jua linakaribia milima. Toka nje. Angalia juu. Usiku mwema.